Nyumba Iliyorukwa

Mwaka ule serikali ya Wabelgiji ilipotuma makarani kuhesabu watu wa Masisi na Walikale, mashariki ya Kongo, kilima cha Burungu kilionekana hakina mtoto mchanga aliyekufa hata mmoja. Ndivyo karatasi za Straton zilivyosema. Alizitandaza juu ya meza yake ya mbao za mikaratusi, ile meza aliyokataza isiwekwe sufuria, akaziangalia kama mchungaji anavyomwangalia ng'ombe aliyelala na hataki kuamka.

Mke wake Athanasie alikuwa kizingitini anasukasuka maziwa. Kibuyu kikubwa kilikuwa kimelala mapajani pake juu ya kipande cha ngozi, anakisukuma na kukirudisha, na ukungu wa asubuhi ulikuwa bado haujatoka kwenye migomba.

"Musiyo Delvigne amenicheka jana," Straton akasema. "Mbele ya makarani bote. Anasema, Straton, kwenu Burungu batoto habakufi, hiyo ni mbinguni ao ni Ubeleji?"

"Na wewe ulimujibu nini?"

"Ningemujibu nini? Nilicheka na yeye."

Huyo Delvigne alikuwa mwalimu wa chuo kikuu kipya cha Léopoldville, mtu mwembamba mwenye soksi ndefu, aliyekuja kusimamia kazi ya kuhesabu. Hawakuhesabu kila kilima. Walipiga kura wakachukua vichache, Kalembe ikatoka, Kibua upande wa Walikale ikatoka, na Burungu pia, na kwa hivyo vichache wangejua hali ya vyote, kama mama anavyoonja maziwa ya kibuyu kimoja akajua zizi zima limelishwa wapi. Straton, aliyeacha seminari akiwa na Kifaransa na Kilatini kichwani, aliipenda kazi hiyo kuliko chakula. Delvigne aliona upesi kwamba yule karani anakata hesabu ndefu bila kuandika pembeni. Akamwambia: wewe ukimaliza vizuri nitakuandikia barua, utakuja Léopoldville kusoma hesabu za watu na siasa, namna nchi zinavyotawaliwa. Watu weusi wenye masomo hayo ungeweza kuwapanga kwenye benchi moja na nafasi ikabaki.

Lakini ilibidi amalize vizuri, na wanawake wa Burungu hawakumpa kitu. Si kwamba walidanganya. Kwa desturi ya kilima, mtoto hutolewa nje siku ya nane, akapewa jina mbele ya watoto wenzake, na hapo ndipo anakuwa mtu. Akifa kabla, wanawake humzika alfajiri nyuma ya nyumba, mume huenda kuchunga kama siku zote, na hakuna anayelia. Kumtaja ni kumwita arudi achukue mwingine. Basi Straton alipouliza, mama, umezaa watoto wangapi, mama alihesabu wenye majina, na moyoni mwake hakuona amekosea.

"Sema na bao," Straton akasema. "Wewe uko mwanamuke mwenzao. Kwako batasema."

Athanasie akasimamisha kibuyu. "Unataka niende kufukua batoto ba bantu?"

"Nataka hesabu ikuwe ya kweli. Delvigne akiona hizi karatasi tena, atatafuta karani mwingine. Na majina haitatoka, itabaki mu sanduku yangu. Kule mbele inaenda hesabu tu."

"Na wa kwetu?"

Straton akaangalia nje, kwenye migomba. Nyuma ya nyumba yao, karibu na mgomba wa tatu, kulikuwa na wa kwao. "Wa kwetu njo nitaandika wa kwanza," akasema.

Kwa neno hilo Athanasie alikubali.

*

Wanawake wa Burungu walilima kwa zamu. Leo shamba la huyu, kesho la yule, wote na majembe yao, na mwenye shamba hupika. Siku hiyo ilikuwa kwa Béata, jirani wa Athanasie, ambaye waliolewa naye mwaka mmoja na kuchota maji pamoja tangu hapo. Walipopumzika, Béata akaweka kikapu cha viazi vitamu na chungu cha maharagwe katikati, wakakaa kuvizunguka na udongo bado uko miguuni.

Verdiane, ambaye mdomo wake haukujua kupumzika, alikuwa anawasimulia jinsi bwana yake alivyokanyagwa na fahali akasingizia mwiba. Walicheka. Cheko lilipopungua Athanasie akasema, akiwa ameshika kiazi asichokila:

"Mie nilizaa babili. Emérita na mwingine."

Verdiane akaacha kutafuna.

"Ilikuwa ile mvua ilibeba daraja," Athanasie akaendelea. "Hakufika siku ya jina. Alikuwa na nywele mingi."

"Funga kinywa," akasema Mukandori. Huyo alikuwa mama yake Straton, na ndiye mzalishaji wa kilima chote. Alikuwa amekaa pembeni juu ya mpini wa jembe lake, miguu imenyooka, anamenya kiazi kwa kucha. "Ile vitu habasemake, na wewe unajua."

"Mama, Straton anaomba tuseme. Anasema juu ya hesabu, ijulikane namna gani tunaishi."

"Straton nilimuzaa mimi. Aniulize mimi."

Béata alikuwa ameinama, anachora mavumbi kwa kijiti. "Mie bawili," akasema polepole. "Mumoja nyuma ya mwingine. Ya pili, bwana yangu alienda kuchunga, akarudi mangaribi, akaomba chakula. Nikamupa. Akasema chumvi haitoshi."

Hakuna aliyecheka. Kisha mwingine akasema wake, na mwingine. Verdiane alisema wake kwa haraka, kama anayetema kitu cha moto, halafu akafunika uso na kanga yake. Miaka yote ile walikuwa wanapita kando ya migomba ya wenzao bila kuiangalia, na sasa maneno yalitoka yakawa hayana wa kuyazuia. Maharagwe yakapoa. Mwishoni Mukandori mwenyewe akavuta pumzi.

"Munasahau bengine," akasema. "Na wewe Verdiane, ile ya kwanza, ya mwaka wa njaa. Mikono hii njo ilibazika. Niliwatia maji ya ubatizo bote, ata kama padiri hakujua." Akamtazama mkwe wake. "Ile karatasi inaenda wapi?"

"Mbali, mama. Hesabu tu. Majina inabaki kwa sanduku ya Straton."

"Yako pia iko mu hiyo karatasi?"

"Yangu njo ya kwanza."

Mukandori akatikisa kichwa kukubali, akapangusa mikono. Jioni ile wanawake walirudi nyumbani wamechoka lakini wepesi, na Béata alimshika Athanasie mkono mpaka njia zao zilipoachana.

*

Straton alipita nyumba kwa nyumba upya, na safari hii milango ilifunguka. Akaenda Kalembe, akateremka mpaka Kibua, akiwaambia wanawake wa huko kwamba wenzao wa Burungu wamesema. Aliporudi, soli ya kiatu kimoja ilikuwa imefungwa kwa kamba ya mgomba, na uso wake unang'aa.

Delvigne alikuja Burungu mwenyewe. Athanasie alimpa maziwa katika chombo cha mti kilichofukizwa vizuri, kile cha wageni. Mzungu akayanusa, akauliza kitu kwa Kifaransa.

"Anauliza kama ulichemusha," Straton akasema.

"Maziwa ya mugeni unachemusha? Anaumwa?"

Straton akachukua chombo mkononi mwa mgeni, akatoka nacho, na Athanasie akasikia maziwa yanamwagika kwenye majani. Ng'ombe aliyekamuliwa maziwa yale alikuwa wa mahari yake. Alikaa mlangoni akasikia wanaume wawili wanavyofurahi mezani. Straton alimtafsiria baadaye: katika kilima hiki, karibu mtoto mmoja kati ya wanne hafiki mwaka. Ni hesabu nzuri sana, Delvigne alisema. Hakuna aliyewahi kuipata hesabu nzuri namna hiyo katika milima hii.

"Nzuri?" Athanasie akauliza.

"Nzuri, maana yake ni ya kweli."

Barua iliandikwa juma lile.

*

Makuza, mjumbe wa chifu, alipanda Burungu pamoja na polisi mmoja mwenye kofia nyekundu. Watu walidhani ni kodi. Lakini alisimama penye nyumba ya Verdiane akatoa karatasi, akasoma jina la Verdiane, siyo la mume, na nyuma ya jina akasoma watoto wake waliokufa, kwa sauti, na mume amesimama pale na fimbo ya kuchungia. Kisha akaenda nyumba ya pili.

Amri ilikuwa hivi. Daktari wa serikali wa usafi, mzungu mwingine aliyekuwa na biro yake, yaani ofisi, pembeni ya soko la Kitchanga, alikuwa ameona ile hesabu nzuri, akakasirika. Alisema wanawake wa milimani wanaua watoto kwa uchafu. Basi kila mama aliyeandikwa afike kwake kila Alhamisi kufundishwa, na asiyefika mume wake atalipa faini au atachimba vyoo vya wafanyakazi wa mashamba ya pareto. Na kuzalisha nyumbani kumekatazwa. Makuza aliingia kwa Mukandori akatoka na kisu chake kidogo cha kukatia vitovu, amekifunga katika jani.

"Baba," Mukandori akamwambia, "hiyo kisu njo ilikukata wewe."

"Ninajua, mama. Nimetumwa."

Kutoka kwa Mukandori njia inapita mbele ya mlango wa Athanasie kabla ya kufika kwa Béata. Athanasie alikuwa amesimama hapo, amejifunga kitambaa kichwani, anangoja jina lake. Makuza akamwamkia kwa heshima, "Bonjour, Madame Straton," akapita. Akafika kwa Béata, akafungua karatasi.

Béata alisikiliza yake mpaka mwisho. Hakumtazama Makuza. Alikuwa anatazama, juu ya bega lake, ule mlango aliouruka.

"Na wewe?" Béata akamwuliza Athanasie, Makuza alipokwisha kuondoka. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayeomba moto.

"Labda watarudi," Athanasie akasema. "Labda kesho."

"Labda," Béata akasema, akaingia ndani.

*

Straton alikuwa anafunga vitabu kwa kamba.

"Majina ilitoka," Athanasie akasema.

"Nimesikia. Yule wa usafi aliomba makaratasi kwa biro. Nilisema ni siri ya ankete, ya kazi yetu ya kuhesabu. Akaniambia, toa. Mie niko karani, Athanasie. Muzungu akisema toa, unafanya nini?"

"Yangu iko wapi?"

Akaendelea kufunga. Fundo moja, akalifungua, akalifunga tena.

"Straton. Ulisema wa kwanza."

"Delvigne njo alipitia karatasi ya Burungu mwenyewe," akasema hatimaye. "Ya kwanza ni ya nyumba yangu. Muntu anaomba kuingia université, anataka kuwa évolué, muntu mweusi aliyestaarabika, na mutoto wake alizikwa nyuma ya nyumba bila jina, bila padiri? Angesema huyu ni mushenzi anajua Kilatini. Niliandika Emérita peke yake. Ni moja tu, katika bale bote. Ile hesabu haitikisiki."

"Haitikisiki."

"Nimepiga hesabu. Haitikisiki."

Athanasie alikaa juu ya kitanda. Alitaka kumwambia kwamba wanawake hawakusema kwa ajili ya karatasi, walisema kwa sababu yeye alitangulia. Lakini alimwona ana haraka, akaona pia kwamba anajua.

*

Alhamisi ikafika, na Athanasie akaenda Kitchanga na wengine. Hakuna aliyemfukuza njiani, na hakuna aliyetembea sambamba naye. Akipunguza mwendo walipunguza nyuma yake, akienda upesi wakamwachia njia.

Mbele ya biro walipangwa mstari. Kila mmoja alivikwa shingoni kipande cha katoni kilichoandikwa namba, wakaambiwa wavue vitambaa vya kichwa, wanyooshe mikono, wasugue kucha katika beseni moja huku watu wa soko wanapita na mizigo yao wanageuka kutazama. Vijana wa pareto waliketi ukutani wanawapigia mluzi. Kisha wakatakiwa wote kwa pamoja waseme: nitachemsha maji, nitanawa mikono. Mukandori, aliyenawa mikono kabla ya kila uzazi tangu usichana wake, alisema pamoja nao, midomo inatembea bila sauti.

Msaidizi wa yule daktari akafika kwa Athanasie na katoni. "Jina?"

Akasema. Mtu yule akapitisha kidole kwenye karatasi, juu mpaka chini.

"Haumo. Rudi nyumbani, mama."

"Niandike."

"Siwezi kukuandika hivihivi. Wewe uko bibi ya Straton, si ndiyo? Usijichafue na hii mambo."

Alisema hivyo kwa wema. Mstari mzima ulisikia.

Siku hiyohiyo Delvigne alikuwa anaondoka Kitchanga. Lori lake lilikuwa chini ya kilima, masanduku ya karatasi yanapakiwa na Straton anayasimamia. Athanasie akateremka mpaka pale, mikono mitupu, akasimama mbele ya mzungu.

"Papa Emérita," akamwambia mume wake, "umutafsirie."

"Athanasie, twende nyumbani."

"Umutafsirie. Mie nilizaa babili. Mumoja alikufa mbele ya kupewa jina, na bwana yangu hakumuandika. Nataka aandikwe, na niitwe Alhamisi pamoja na benzangu."

Delvigne akawatazama kwa zamu. "Anasema nini?" Hata Athanasie alilielewa swali hilo.

Straton angeweza kusema chochote. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. Labda aliogopa kwamba yule mzungu anajua Kiswahili kuliko anavyojionyesha, labda hakuogopa. Alitafsiri yote, neno kwa neno, akiwa amesimama wima kama mwanafunzi, na alipomaliza akangoja kwa macho ya mtu anayeona nyumba yake inaanza kuungua.

Delvigne akatafakari kidogo. Halafu akatabasamu, akamgonga Straton begani, akasema maneno machache, akapanda mbele ya lori.

"Amesema nini?" Athanasie akauliza.

"Amesema..." Straton alivuta pumzi, na pumzi ile ikatoka na kicheko kidogo ambacho hakukitaka. "Amesema mumoja hawezi kubadilisha kitu. Amesema ni vizuri nimesema ukweli. Barua yangu inabaki vilevile."

Lori likaondoka. Straton alilitazama mpaka kona, na uso wake ulikuwa umelegea kwa furaha kama uso wa mtoto aliyekoswa na fimbo. Athanasie aliutazama uso huo. Tangu waoane alikuwa hajawahi kuuona mzuri namna ile, na alitamani asingeuona.

*

Straton alikwenda Léopoldville kabla mahindi hayajakomaa. Huko alifanya vizuri, kuliko hata Delvigne alivyotegemea. Baadaye walimpeleka Ubelgiji, akapata kofia ya elimu, akaandika kwa Kifaransa kitabu kuhusu hesabu ya watu na namna ya kuwatawala, na wasomi wa nchi nyingi walilijua jina lake. Nakala moja ilifika Burungu kwa posta, imefungwa vizuri. Ndani yake Burungu ilikuwa alama ndogo kwenye ramani. Mama yake aliipima uzito mkononi, akasema, "Anasoma kutawala, na ndama wake mwenyewe walikuwa wanamushinda," akairudisha.

Lakini hayo ni ya mbele. Mwaka ule Straton alipoondoka, Athanasie alibaki na shamba lake juu ya mteremko, na zamu yake ya kulimiwa ilikuwa bado. Alijua hakuna atakayekuja. Hata hivyo alifanya kama inavyotakiwa. Alipika maharagwe katika chungu kikubwa, akatia samli, akachemsha viazi vitamu, akaweka kinywaji cha mtama kwenye kibuyu, akabeba vyote mpaka shambani wakati umande bado uko kwenye majani.

Walikuja. Aliwaona wanapanda wote katika ukungu, majembe mabegani, Béata mbele, Verdiane nyuma yake. Hata wale wenye maumivu ya mgongo walikuja. Moyo wake ukaruka, akashika jembe lake akaingia katikati yao.

"Mumeamukaje?" akasema.

"Tumeamuka," wakasema.

Wakalima. Hawakuimba, na Verdiane hakusimulia kitu. Walilima vizuri, chini kabisa, wakatoa kila mzizi wa nyasi ya sangari, wakavunja madongo kwa mikono, mistari ikanyooka kama imepimwa. Shamba lile halikuwahi kulimwa vizuri hivyo. Athanasie alipobaki nyuma kwa uchovu hawakumwambia apumzike, walimalizia sehemu yake bila kumtazama. Jua lilipofika juu, kazi ilikuwa imekwisha mpaka kwenye mpaka wa juu.

Alikimbilia kikapu, akatandika majani, akafunua chungu. Mvuke ukatoka. "Karibuni," akasema. "Karibuni, muketi."

Wanawake wakapangusa majembe yao kwa nyasi. Béata akanawa mikono mtoni, polepole, kucha moja moja, kama alivyofundishwa Kitchanga. Akarudi, akasimama mbele ya chakula.

"Wewe ulilima kwetu bote," akasema. "Na sisi tumelima kwako. Sasa hatudaiani."

"Béata. Kula kidogo tu."

"Tumeshiba, Madame Straton."

Wakachukua majembe yao, wakashuka mmoja nyuma ya mwingine. Kula chakula cha mtu ni kukubali kurudi kwake, na hakuna kati yao aliyegusa hata kiazi.

Mukandori alikuwa wa mwisho. Alikuwa amelima tangu asubuhi pamoja nao, kwa uzee wake, wala hakukaa upande wa mkwe wake kama mama mwenye nyumba. Alisimama juu ya chungu, ananusa samli. Athanasie alichota maharagwe kwenye jani akamnyooshea kwa mikono miwili, amepiga magoti.

"Mama, wewe uko wa kwangu."

Mzee akamwangalia kwa muda. Macho yake yalikuwa na maji, lakini mikono yake haikutoka kwenye mpini.

"Niko wa kwako," akasema. "Lakini bale bamama, kila mumoja nilimushika magoti akizaa."

Akainama kwa shida, akavuta jani la mgomba akafunika chungu vizuri pande zote, inzi wasiingie. Kisha akaweka jembe lake begani, akawafuata wenzake chini ya kilima.